Gauni la jezi la mistari: kwa nini mistari haikutani ubavuni, na pindo linakuwa mawimbi?

SindanoButu
Habari za jioni wadau. Naomba msaada kabla sijakitupa hiki kitu jalalani.

Nimejishonea gauni la jezi, kile kitambaa cha tisheti kinachovutika, mistari ya bluu na nyeupe ya kulala. Gauni rahisi, halina zipu wala mkato wa kiunoni: mbele, nyuma, mikono mifupi, shingo ya duara, linashuka kidogo chini ya magoti. Nilitaka kitu cha kuvaa kaskazi hii, maana hapa Tabata saa nne asubuhi umeshalowa. Nilinunua mita mbili Kariakoo, nikalaza tisheti yangu inayonikaa vizuri juu ya kitambaa, nikachora kwa chaki, nikapanua kuanzia kwapani kwenda chini. Cherehani ni ile ndogo ya umeme ya nyumbani, ina zigizaga, ule mshono wa kwenda kushoto na kulia.

Matatizo mawili. La kwanza, mistari ya mbele na ya nyuma haikutani ubavuni. Kwapani imekutana vizuri, ikifika kwenye hipsi imepishana mstari mzima. La pili, pindo la chini limechanua kama jani la kabichi. Nimelipiga pasi mara tatu, linarudi vile vile.

Tatizo ni mimi, ni cherehani au ni kitambaa?

Ngoja Waje
Ngoja waje mafundi. Nimeweka kiti.

Pundamilia
Uzi bila picha ni umbea.

SindanoButu
Picha zimegoma kupanda. We fikiria pundamilia aliyegongwa na bodaboda.

Pundamilia
Sasa jina langu limeingiaje huko?

Chaki ya Bluu
Bibie, hilo pindo ni wewe. Ulikuwa unakivuta kitambaa huku unashona, kwa nyuma ya mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ili kiende haraka. Jezi haivutwi. Ukiivuta, uzi unaikamata ikiwa imetanuka, na ikishakamatwa haiwezi kurudi. Hayo ndiyo mawimbi unayoyaona. Weka mikono pembeni, elekeza tu, acha meno ya chini ya cherehani yakipeleke kitambaa yenyewe. Na kama mashine yako ina kile kiskurubu cha juu cha kupunguza mgandamizo wa mguu, kilegeze.

Mzee Kanyagio
Hapo juu sikubaliani. Nimeshona barazani Magomeni tangu 1987, cherehani nyeusi ya kukanyaga, haina zigizaga wala kiskurubu unachokisema. Jezi usipoivuta kidogo mshono haudumu. Siku mteja anaivaa, anaingiza kichwa, unasikia ta-ta-ta, uzi wote umekatika. Uzi wa moja kwa moja hauna mvutiko, kitambaa kina mvutiko. Lazima uvute ili vilingane.

Chaki ya Bluu
Shikamoo mzee. Unachosema ni kweli kwa mshono wa moja kwa moja. Huyu ana zigizaga. Zigizaga yenyewe inavutika, kwa hiyo hana sababu ya kuvuta. Aweke nyembamba sana, upana nusu hadi milimita moja, kwa mbali inaonekana kama mshono wa kawaida.

Mzee Kanyagio
Marahaba. Hiyo nimekuelewa. Ila pindo nililovuta mimi halikuwa kabichi.

Kijora
Mita mbili za jezi, uzi, umeme, stresi. Dera moja ungeshalivaa toka wiki iliyopita na upepo unapita hadi kwenye roho. Mnajitafutia matatizo.

SindanoButu
Madera ninayo saba. Ofisini siwezi kwenda na dera.

Dogo Gerezani
Mimi natengeneza cherehani, sishoni, kwa hiyo nitaongea vya kwangu tu. Umetumia sindano gani? Watu wanalaumu mashine, wanaileta kwangu, nawabadilishia sindano, wanaondoka wanacheka. Sindano ya kawaida ncha yake imechongoka inatoboa. Jezi ni vitanzi, haitakiwi kutobolewa, inatakiwa kupenyezwa. Ipo sindano yenye ncha ya mviringo, dukani ulizia sindano ya jezi, namba 75 au 80 kwa kitambaa chepesi, 90 kwa kizito. Kama kitambaa kina mpira mwingi ndani, kile cha kubana, kuna nyingine ya aina yake.

Jipime hivi: chukua simu, kuza picha ya mshono wako, uangalie pembeni ya uzi. Ukiona vitundu, ujue sindano imekata vitanzi.

SindanoButu
Mungu wangu. Vitundu vipo, vimejipanga kama siafu. Na kuna sehemu uzi umeruka, hatua moja ndefu kama mbili. Sindano ni namba 16, iliyokuja na mashine. Ndiyo niliyoshonea mapazia ya sebuleni.

Dogo Gerezani
Namba 16 ndiyo 100 kwa hesabu ile nyingine, ya vitambaa vizito. Na huko kuruka ni hiyo hiyo sindano: ikishuka inakisukuma kitambaa chini, ikipanda kinapanda nayo, kitanzi cha uzi hakijitengenezi pale nyuma, ndoana ya bobini, ile ya uzi wa chini, inapita hewani.

Mama Pacha
Tumieni sindano pacha, mnahangaika bure! Sindano mbili kwenye shina moja, unaweka nyuzi mbili juu na bobini moja chini. Juu inatoa mistari miwili sambamba kama tisheti ya dukani, chini inajifunga zigizaga, kwa hiyo pindo linavutika. Inaingia kwenye cherehani yoyote.

Dogo Gerezani
Siyo yoyote, mama. Isije ikamtoa mtu jicho. Cherehani nyeusi ya kukanyaga tundu la bati lake la chini ya sindano ni dogo, la sindano moja. Ukiweka pacha zote mbili zinagonga bati. Inafaa mashine yenye zigizaga tu, ambayo tundu lake ni pana. Na ukishaiweka hakikisha hujaacha kitufe kwenye zigizaga.

Halafu msichanganye sindano za nyumbani na za zile mashine kubwa za viwandani. Ya nyumbani shina lake limekatwa bapa upande mmoja, ya viwandani ni duara. Wauzaji wengine wanakupa yoyote iliyo mkononi.

Mama Pacha
Kumbe ndiyo maana ya dada yangu ilivunjika, kipande kikampiga shavuni. Tulidhani ni feki.

Kocha Mchezaji
Nimeingia mbio nikajua ni jezi mpya za msimu. Mistari ya bluu na nyeupe, sasa hii timu gani tena? Nyie mnaongelea magauni.

Chaki ya Bluu
Kocha, jezi ni jina la kitambaa kabla ya kuwa la mpira. Kuna kisiwa kinaitwa Jersey, kipo karibu kabisa na pwani ya Ufaransa ingawa kipo chini ya taji la Uingereza. Watu wa huko walikuwa wafumaji wa sufu, masweta ya wavuvi. Jina likahamia kwenye sweta, likahamia kwenye kitambaa, ndipo likaja uwanjani Kwa Mkapa.

Kocha Mchezaji
Sawa profesa. Na hiyo mistari ni ya mabaharia, hilo nalijua hata mimi. Mistari 21, kila mmoja kwa ushindi mmoja wa Napoleon.

Chaki ya Bluu
21 ni kweli. Jeshi la majini la Ufaransa liliandika kwenye kanuni yake ya 1858: mistari myeupe 21, kila mmoja upana wa milimita 20, na ya bluu milimita 10. Hiyo ya ushindi wa Napoleon ni hadithi, kanuni haisemi hivyo. Gabrielle Chanel ndiye aliyeipeleka jezi kwenye magauni miaka ya 1910, kipindi ambacho kitambaa hicho kilikuwa cha nguo za ndani za wanaume.

Pundamilia
Kwa hiyo SindanoButu amevaa bukta ya baharia. Tuendelee.

Injinia Nyuzi
Mmeongea pindo, mmesahau mistari. Nilifanya kazi kiwandani upande wa kufuma, niruhusuni nirefushe kidogo.

Jezi haifumwi kama kanga. Kwenye kanga nyuzi zinapitana juu na chini kama mkeka. Jezi ni vitanzi vinavyoshikana, kama sweta la bibi, na mashine yake ni ya duara. Kitambaa kinatoka kama bomba, kisha ndipo kinapasuliwa. Sasa mashine hiyo haiingizi uzi mmoja, inaingiza nyuzi nyingi kwa pamoja kuizunguka, kila mmoja na mstari wake. Mzunguko ukiisha, ule uzi haurudi pale ulipoanzia, unakuta wenzake wameshajipanga, unapanda juu yao. Fikiria ngazi ya mnara. Ukipasua bomba lile ukalilaza mezani, mstari wa kushoto uko chini kidogo kuliko wa kulia. Kiwandani wanakinyoosha ili kipendeze dukani. Ukikifua, kinarudi kilivyozaliwa.

Juu ya hapo kuna msokoto wa uzi wenyewe. Uzi uliosokotwa sana unataka kujifungua, unavisukuma vitanzi vyote upande mmoja. Zile tisheti ambazo ukizifua mara tatu mshono wa ubavuni unahamia tumboni, mnazijua. Si fundi, ni uzi.

Kwa hiyo bibie ulikuwa unapambana na kitambaa kilichopinda tangu dukani. Ulikifua kabla ya kukata?

SindanoButu
Sikukifua. Nilikuwa na hamu.

Injinia Nyuzi
Basi. Na kipo kingine cha kuangalia: geuza upande wa ndani. Kama rangi ya mstari ni ile ile nyuma na mbele, mistari imefumwa. Kama nyuma imefifia, imepigwa chapa juu ya kitambaa cheupe, na hapo lolote linawezekana, kitambaa kinaweza kupitishwa kwenye chapa kikiwa kimekaa upande.

Mtumba Mzuri
Kiwanda cha Urafiki walikuwa wanatoa jezi nzuri sana zamani, mistari imenyooka kama rula. Sasa hivi ni vitu vya ajabu tu.

Injinia Nyuzi
Urafiki cha Ubungo, kile kilichojengwa na Wachina mwaka 1968, jina lililokikuza ni kanga na vitenge. Hivyo ni vya kufuma kwa mkeka, siyo vya vitanzi. Labda unakumbuka kitu kingine.

Mtumba Mzuri
Basi nakumbuka shuka.

Bi Pwani
Injinia nakuheshimu, lakini unampeleka mtoto kiwandani wakati kosa liko mezani. Mwanangu SindanoButu, ulikunja kitambaa mara mbili ukakata mbele na nyuma kwa pamoja?

SindanoButu
Ndiyo, shikamoo bibi.

Bi Pwani
Marahaba. Ndiyo hapo. Jezi ya chini inateleza huna habari. Juu unaona mstari umenyooka, chini umeshakwenda Kigamboni. Kitambaa cha mistari hakikatwi kikiwa kimekunjwa. Kata mbele peke yake, kikiwa kimelala wazi. Kisha kichukue kile kipande ulichokata, kilaze juu ya kitambaa kilichobaki, mstari juu ya mstari, mpaka usione kama kuna kitu juu. Ndipo ukate nyuma. Kwa hiyo unahitaji kitambaa cha ziada, nusu mita hivi, maana huchagui pa kukata, mistari ndiyo inakuchagulia.

Na ulipopanua kwenda chini, ulipanua mbele na nyuma sawasawa? Kama mbele umetoka vidole vitatu na nyuma vinne, mteremko si mmoja, na mistari haitakutana hata ukiomba dua.

SindanoButu
Bibi, nyuma niliongeza kidogo. Kwa sababu za kimaumbile.

Pundamilia
Hapo sasa tunahitaji picha.

Bi Pwani
Wewe Pundamilia nitakupiga kandambili.

Chaki ya Bluu
Mimi naongeza sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Amesema kwapani imekutana, hipsi haijakutana. Yaani kosa linakua kadiri anavyoshuka. Huo ni mguu wa cherehani. Meno yanavuta kitambaa cha chini, mguu unakizuia cha juu. Kila hatua ya mshono inapotea nywele moja. Kutoka kwapani hadi kwenye hipsi, nywele zimekuwa mstari mzima. Angekuwa amekata vibaya, hata kwapani visingekutana.

Dawa yake: pini kila mstari wa pili, ukipitisha pini hakikisha imetoka kwenye mstari ule ule upande wa chini. Au piga bandi kwa mkono kabisa, ule mshono mrefu wa muda. Dakika ishirini, lakini unalala usingizi.

Injinia Nyuzi
Angekuwa na kitambaa kilichopinda pia kosa lingekua kadiri anavyoshuka. Hiyo haithibitishi kitu.

Bi Pwani
Na mteremko wa nyuma vile vile. Haya.

Ngoja Waje
Wamekuja. Sasa hatujui tumsikilize nani.

Mzee Kanyagio
Swali kwa Injinia. Kitambaa kikiwa kimepinda kama unavyosema, nikate nikifuata mstari wa rangi au nikifuata safu ya vitanzi?

Injinia Nyuzi
Safu ya vitanzi, mzee. Upande wa nje angalia kwa karibu, utaona vijinjia vidogo kama herufi V vilivyopangana vinashuka. Fuata hivyo, gauni litaning'inia vizuri na halitajisokota.

Bi Pwani
Fuata mstari wa rangi. Mtu akikutana na mimi sokoni hana darubini ya kuangalia V. Anaona mstari umelala au umepanda mlima.

Mzee Kanyagio
Mimi ningekirudisha dukani.

Mtumba Mzuri
Kirudi dukani na kimeshakatwa? Mzee!

Nami nitoe yangu. Situmii kitambaa kipya. Naenda Ilala natafuta tisheti mbili za mistari za kiume, zile kubwa kabisa, za aina moja. Zimeshafuliwa na Mzungu mara hamsini, kama ni kupinda zimeshapinda, kama ni kunywea zimenywea. Moja inakuwa sehemu ya juu, naipunguza mabega. Ya pili naikata chini ya kwapa, inakuwa sketi. Ubavuni imeshakutanishwa na kiwanda. Na pindo la chini sishoni kabisa, natumia pindo lake lile lile la sindano mbili. Kazi yangu ni mshono mmoja wa kiunoni. Hapo naweka mpira mwembamba ndani, imeisha.

Mama Pacha
Hii ndiyo ya kwangu. Asante sana.

Kijora
Hata mimi hapa nimeshawishika. Kidogo.

Bi Pwani
Na pindo mbona mmeliacha? Sisi zamani kitambaa kinachojikunja tulikuwa tunakitia wanga. Unga wa muhogo vijiko viwili, unaukoroga na maji baridi, unamwagia maji ya moto mpaka uwe kama uji mwepesi sana, unaongeza maji ya ndoo nusu. Chovya kitambaa, kamua, anika kivulini kikiwa kimelala, siyo cha kuning'inia maana kitarefuka. Piga pasi. Kinakuwa kama karatasi. Unakata, unashona, hakijikunji wala hakivutiki. Ukimaliza unafua, wanga unatoka, jezi inarudi kuwa jezi.

Pundamilia
Na mende je?

Bi Pwani
Nimesema ukimaliza unafua. Husomi.

Chaki ya Bluu
Hiyo ya wanga nimeipenda, sikuwa naijua. Tuliyofundishwa sisi chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe ni kuweka ukanda wa karatasi nyepesi chini ya pindo, unashona na karatasi yake, kisha unaichana. Meno yanakamata karatasi badala ya jezi. Msitumie gazeti kwenye kitambaa cheupe, wino unahama.

Kwa pindo lililoshaharibika: fumua. Weka kitambaa kibichi juu, bonyeza pasi, nyanyua, bonyeza tena. Usisugue, ukisugua unakitanua upya. Kikirudi usawa wake ndipo ushone, uzi wa polista siyo wa pamba.

Mama Pacha
Au likate pindo lote uliache hivyo hivyo. Jezi haichanuki nyuzi, inajikunja tu kidogo. Mwanangu wa kike anazivaa hivyo, anasema ndiyo fasheni.

Mzee Kanyagio
Gauni lisilo na pindo halijaisha.

SindanoButu
Nimewasoma wote. Shingo sikuwauliza lakini nayo imelegea, nikiinama kuokota kitu ni aibu. Ukanda wa shingo niliukata sawa na tundu la shingo.

Chaki ya Bluu
Unakatwa mfupi. Kama tundu ni sentimita 60, ukanda uwe kama 51, ukiweka na pa kuungia. Gawa vyote viwili mara nne, pini kwenye alama, vuta ukanda tu, shingo usiiguse. Hapa ndipo pa kuvuta. Na mabegani shona na kipande cha utepe au kanga kuukuu ndani yake, la sivyo mikono itakuteremkia ukifika mwezi wa pili wa kulivaa.

Mzee Kanyagio
Kumbe pa kuvuta papo.

SindanoButu
Wadau, nimerudi, leo siku ya nne. Nimebadilisha sindano, 80 yenye ncha ya mviringo. Vitundu hakuna, uzi hauruki. Pindo nimelifumua, nikabonyeza pasi, nikatia wanga sentimita kumi za chini tu, nikaweka na karatasi pia kwa sababu sikujua nimwamini nani. Umeme wa LUKU ukaisha katikati ya pindo, kwa hiyo nusu nimeshona Jumanne, nusu Jumatano. Limelala. Ukiangalia sana unaona pale Jumatano ilipoanzia.

Ubavu wa kulia nimepiga bandi kila mstari, umekutana kutoka kwapani hadi chini, nimekaa nauangalia kama mjinga. Ubavu wa kushoto nimefanya vile vile, pini zile zile, mkono ule ule. Umepishana nusu mstari.

Injinia Nyuzi
Kushoto na kulia tofauti. Kitambaa.

Bi Pwani
Kushoto ndiko kulikokuwa chini ulipokunja.

Chaki ya Bluu
Kushoto ulianzia kwapani au ulianzia chini?

SindanoButu
Sikumbuki. Kesho nalivaa ofisini hivyo hivyo, pochi nitaibeba kushoto.